Waifai ya Ukuta wa Mashariki

Fundi Chande alikuwa ameshafika kwenye kizuizi cha mpakani, begi begani, kofia kichwani, mguu mmoja umemtangulia mwenzake, alipoambiwa kwamba hawezi kutoka nchini kwa sababu hayupo nyumbani.

Akaomba aambiwe tena. Askari wa kizuizi, Afande Tegemeo, kijana mpole mwenye kofia iliyomzidi kichwa, akarudia polepole kama mtu anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa. Nchi hiyo, ambayo ilikuwa imebadilishwa jina mara nne na wakati huo ilikuwa njiani kati ya jina la nne na la tano, ilikuwa na Sheria ya Utulivu. Sheria ilisema mwananchi hatatoka mpaka kwanza athibitishe kwamba ametulia. Na kutulia hakukuthibitishwa kwa mdomo. Mtu alisimama nyumbani kwake, akajiunga na waifai ya nyumbani kwake, akaikodolea macho simu yake bila kupepesa, na Mashine ya Uhakiki kule makao makuu ikaona kwamba kweli bwana huyu yupo kwake. Hapo ikamletea cheti cha siku saba, na mwenye cheti alikwenda anakotaka.

"Yaani nikitaka kutoka, nithibitishe kwamba sikutoka," alisema Chande.

"Sasa umeelewa, mzee wangu."

"Na mimi niko hapa."

"Hilo ndilo kosa lenyewe. Halafu na huo mguu."

Chande akatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeshapita chini ya mti wa kizuizi bila kumwuliza mwenyewe, kama ilivyokuwa kawaida yake. Afande akamtoa hofu. Mguu mmoja haukuwa na neno. Kifungu cha tisa kilisema mtu huhesabiwa amevuka pale nyayo zake zote mbili zinapokuwa upande wa pili; mmoja ni kunyoosha viungo, miwili ni miaka mitano.

Chande akaurudisha mguu, taratibu, kama anayemvuta mbuzi kutoka shamba la mtu.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na katika hiyo yote hakuwahi kulala mwaka mzima chini ya paa moja. Ujana wake ulikwenda na redio. Redio zilipokoma kuharibika akafuata televisheni, kisha simu, kisha ruta, na kwa kuwa hakuna mahali ambapo vitu haviharibiki, hakukosa pa kwenda. Shule aliisoma vipande vipande: darasa la kwanza mji huu, la tatu mji ule, la pili hakumbuki. Na kwa mwendo huo huo alikosa mengi. Binti yake Mwajabu alipozaliwa, Chande alikuwa juu ya paa la mtu, nchi ya tatu, anafunga antena. Mwajabu alipoolewa, Chande alikuwa njiani, na njia ikawa ndefu. Sasa Mwajabu alikuwa ng'ambo ya mpaka huo, mwendo wa saa tatu kwa miguu, amejifungua mtoto wa kike. Kwa desturi ya watu wao, jina hutamkwa siku ya arobaini kabla jua halijapita utosini, na hutamkwa sikioni na babu mzaa mama. Asipokuwapo, upande wa baba hutoa jina lao na shughuli imekwisha. Mwajabu alikuwa amemtumia ujumbe mfupi: Baba, safari hii ukikosa, usije tena kuomba radhi.

Siku hiyo ilikuwa ya thelathini na nne. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Fundi Chande alikuwa ameondoka mapema.

*

Nyumbani kwake, kwa mujibu wa daftari, palikuwa kwa dada yake mkubwa, Bi Sikudhani. Sheria haikumtambua mtu asiye na nyumba, na Chande hakuwa nayo, basi dada akamwandikisha kwake kama vile mtu anavyoandikisha mzigo usiojulikana utafika lini.

Nyumba kumi na moja za Mtaa wa Utulivu zilijengwa zimeshikana kuta, kutoka magharibi kwenda mashariki, kama watu kwenye foleni. Ya Bi Sikudhani ilikuwa ya mwisho upande wa mashariki, na ilikuwa ya mwisho kwelikweli. Waliochora mpaka zamani walichora kwa rula, wakiwa mbali, na mstari wao ukapita sawasawa kwenye uso wa nje wa ukuta wake. Mvua iliyoteleza kwenye paa lake upande ule ilidondoka nchi za nje. Ukuta huo uliwahi kuwa na dirisha. Serikali ikaliziba kwa matofali, kwa sababu mama huyu alibainika kuchungulia ugenini bila pasipoti.

"Umerudi," alisema Bi Sikudhani, wala hakuonekana kuhuzunika. "Nilijua, ndiyo maana sikukunja mkeka. Keti ule."

Chande hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha.

Hapa lazima ielezwe kwamba serikali ya nchi hiyo ilikuwa na upendo mwingi. Iliipa kila nyumba ruta, na kila ruta iliipa mahali pa heshima: ukuta wa mashariki, linakochomoza jua, nyuma ya picha ya Mlezi wa Taifa. Picha zenyewe zilichapwa kwenye bati nene. Za karatasi zilikuwa zikiliwa na mende, na mende hawakuweza kufikishwa mahakamani. Ruta ilibanwa katikati, mgongo kwenye ukuta na uso kwenye bati, kisha ikapigwa lakiri, ile nta ya muhuri wa serikali. Kuisogeza picha lilikuwa kosa, hata kwa kufagia. Buibui wa nchi hiyo waliishi mpaka wakaona wajukuu.

Tena, ili pasiwe na ubaguzi, waifai zote nchini zilipewa jina moja, UMOJA. Zilipewa chaneli moja. Zilipewa paswedi moja, nayo ni tarehe ya kuzaliwa Mlezi, siku iliyosherehekewa mara mbili kila mwaka.

Chande akasimama mbele ya picha, akaikodolea simu. Mlezi akamtazama kwa juu, akitabasamu. Simu ikafikiri, ikafikiri, kisha ikaandika: Hongera. Umethibitishwa uko kwa Bwana Masumbuko. Tafadhali rudi nyumbani.

*

Bwana Masumbuko alikuwa jirani wa ukuta mmoja, upande wa magharibi. Alikuwa mgane, mstaafu wa reli, mtu wa kucheka na tumbo. Alimfungulia Chande mlango akiwa na kikombe mkononi.

"Karibu, shemeji."

Chande akamwuliza ushemeji huo ulianza lini. Masumbuko akamweleza kwamba ulianza miaka miwili iliyopita, siku aliyopokea barua yenye muhuri, Mashine ya Uhakiki ikimpongeza kwa kuishi vizuri na Bi Sikudhani katika kaya moja. Aliipeleka barua kwa mhusika. Mhusika alimmwagia maji ya kuoshea vyombo.

"Nami sikukasirika," alisema Masumbuko. "Mke anaruhusiwa kummwagia mumewe. Na wewe kama umehamia, chumba cha nyuma kipo. Mwambie tu dada yako aache kununa, serikali imeshatuona."

Chande akajaribu simu yake humo ndani. Ikamthibitisha yuko kwa mama muuza maandazi, nyumba ya tatu. Akaenda kwa mama muuza maandazi, ikamthibitisha yuko kwa fundi cherehani, ya nne. Akaendelea hivyo mtaa mzima, nyumba hadi nyumba, akinywa chai kila mahali kwa adabu, mpaka akafika ya kumi na moja, mwisho wa magharibi. Humo simu haikukamata kitu. Aliyeishi humo alikuwa Bi Pili, ajuza mchangamfu, na kwa kuwa hakuonekana popote, Mashine ilikwisha kumwandika marehemu. Alisema hajaona raha kama hiyo tangu azaliwe. Hakuna aliyemwita mkutanoni.

Jua lilipozama Chande alikuwa amerudi alikoanzia, nyayo zikimwasha.

*

Siku ya thelathini na tano alipiga simu Kituo cha Huduma kwa Mwananchi Mtulivu. Kabla ya huduma ulipigwa wimbo wa taifa, beti zote sita, mpiga simu akitakiwa awe amesimama. Ulipokwisha, sauti ya kike ikasema kama hukusimama, bonyeza moja. Kisha ikatoa maelekezo. Zima ruta. Hesabu mpaka mia. Washa ruta. Ikiwa tatizo linaendelea, jiulize wewe binafsi una tatizo gani na serikali.

Chande akazima umeme wa nyumba nzima, kwa kuwa swichi ya ruta ilikuwa ndani ya lakiri. Akahesabu. Akawasha. Akachukua kioo chake cha kunyolea, akakiinamisha chini ya picha, akaziona taa za ruta kwa kioo: zote kijani, zinapepesa kwa furaha. Ruta ilikuwa nzima. Ilikuwa inafanya kazi kama punda. Swali lilikuwa inamfanyia nani.

Siku nzima alizunguka chumba kile. Suruali yake ya safari hakuiona; ilikuwa kwenye kamba, inadondosha maji. Kesho yake pia ilikuwa kwenye kamba. Ilikuwa suruali pekee aliyokuwa nayo, na Bi Sikudhani alikuwa akiifua kila asubuhi kabla hajaamka, safi au chafu. Chande akalielewa jambo hilo, akajifunga shuka. Wali aliopikiwa ulikuwa wa nazi, na kila siku kitoweo kiliongezeka kimoja.

*

Siku ya thelathini na sita alitoa begini kompyuta yake ndogo iliyokosa vitufe vinne, na waya wa mtandao. Akaupitisha mkono chini ya picha hadi kwenye kiwiko, uso ameugeuzia pembeni kama mtu anayemzalisha ng'ombe, akitafuta tundu la waya kwa ncha za vidole. Bi Sikudhani aligeukia mlango. Alisema akiulizwa atasema alikuwa anatazama kuku.

Waya ukaingia. Ingekuwa nchi nyingine kazi ingeishia hapo, lakini uhakiki kwa waya haukukubalika, maana mtu aliyefungwa waya hawezi kusemwa ametulia kwa hiari yake.

Chande akafungua ukurasa wa mipangilio ya ruta. Ukurasa ukamtaka kwanza ale kiapo cha utii. Akala. Ukamwonyesha jina la waifai: limefungwa. Chaneli: ya Taifa, imefungwa. Paswedi: imefungwa. Nguvu ya mawimbi: inatosha, imefungwa. Kitu pekee ambacho mwananchi aliachiwa uhuru wa kuchagua kilikuwa rangi ya ukurasa, nayo ilikuwa kijani au kijani. Akachagua kijani.

Akateremka chini. Maofisa waliofunga mipangilio hiyo hawakuwa na desturi ya kusoma kitu mpaka mwisho, na huko mwisho kabisa waliacha wazi orodha ya simu zilizojiunga na ruta ya nyumba hiyo. Zilikuwa kumi na nne. Akamsomea dada yake: Simu ya Kinyozi Gaudensi. Mama Chai. Mwalimu Mkuu. Mchunga Mbuzi. Mchunga Mbuzi wa Pili.

"Hao siwajui," alisema Bi Sikudhani, bado ametazama kuku. "Mtaa huu hauna kinyozi."

Chande akatega sikio ukutani. Kutoka ng'ambo, kwa mbali, akasikia watu wanacheka, na mkasi unakata. Ndipo akaketi, mara ya kwanza kwa siku tatu.

Akamweleza dada. Bati lilikuwa limeziba upande wa ndani, mawimbi hayapiti. Ukuta wa tope haukuziba. Basi ruta ya kila nyumba ilikuwa inatupa waifai yake yote nyuma, mashariki, kwa jirani. Na kwa kuwa majina ni mamoja na paswedi ni moja, simu ya mtu ilishika tu iliyo na nguvu, yaani ya jirani wa magharibi, ikadhani ndiyo ya kwao. Mtaa mzima ulikuwa umesogezwa nyumba moja.

"Kila mtu anampikia jirani," alisema Bi Sikudhani.

"Ndiyo hivyo."

"Na mimi nawapikia wa nje."

Dawa ilikuwa ndogo. Picha ingeinuliwa upana wa kidole kimoja, ikawekewa kijiti, basi. Chande alikuwa ameshauinua mkono. Dada yake akageuka kutoka kwa kuku, na safari hii alimtazama yeye.

"Chande, wewe ukishaondoka, mimi ndiye ninayebaki na hiyo picha. Kidole kitakachohesabiwa ni changu."

Mkono ukashuka. Alikuwa ameshawaachia watu wengi matatizo aliyoyaanzisha mwenyewe, kisha akawa njiani yanapowafikia. Huyu hakutaka kumwachia.

*

Akaenda kizuizini kumweleza Afande Tegemeo. Afande alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaiweka juu ya meza. Yeye mwenyewe aliishi nyumba ya tano. Miaka mitatu alikuwa anaomba likizo, na kila ombi lilirudi likiwa limeandikwa kwamba likizo hupewa mfanyakazi ambaye anaweza kuthibitisha ana nyumba ya kwenda kupumzika.

"Nilidhani ni mimi tu," alisema.

Akaandika taarifa. Kwa kawaida taarifa ilichukua mwaka kupanda ngazi, lakini ilitokea kwamba Kamati ya Taifa ya Mawimbi ilikuwa inatafuta sababu ya kuja mpakani kula nyama, kwa hiyo ikafika siku ya thelathini na tisa, magari manane, ikiongozwa na Mheshimiwa Dokta Injinia Ndomondo. Alitandikiwa zulia kutoka garini hadi sebuleni kwa Bi Sikudhani. Lilikuwa refu kuliko sebule, likakunjwa kwenye kona pamoja na kuku mmoja.

Chande alieleza jambo lake kwa maneno machache, akionyesha bati, ukuta, jirani. Mheshimiwa alimsikiliza amefumba macho. Kisha akasimama, akajifunga vifungo vya koti, na wapiga picha wakawasha taa.

"Ndugu wananchi," alisema, "Kamati yangu imejiridhisha kwamba hakuna tatizo la mtandao katika mtaa huu. Mtandao upo, una nguvu, na unafika mpaka nchi jirani. Tatizo lililopo ni la wananchi kukaa upande usio sahihi wa mtandao."

Wajumbe wakapiga makofi. Mheshimiwa akaendelea kwa saa moja na nusu. Kwa ufupi, aliagiza mambo matatu. Kwanza, kwa kuwa picha ya Mlezi ndiyo inayoipa ruta baraka, na baraka zimeonekana kupungua, nyumba hiyo iongezewe picha ya pili, kubwa zaidi, juu ya ile ya kwanza. Ilipigwa misumari palepale. Pili, kwa kuwa Mashine haikosei, na inaonyesha kila mwananchi anaishi nyumba ya magharibi yake, basi iandaliwe operesheni ya kuwahamishia wananchi huko wanakoonekana. Tatu, kesho yake iwe mapumziko ya kuiadhimisha ziara hiyo, na vizuizi vyote vya mpakani vifungwe ili askari nao washiriki furaha.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya arobaini.

Chande akauliza, kwa heshima, kama vizuizi vingeweza kufungwa mchana badala ya asubuhi. Mheshimiwa akamshika bega na kumwambia kwamba taifa haliwezi kukimbia kwa sababu mzee mmoja ana haraka. Picha ilipigwa wakiwa wameshikana mabega hivyo, ikatoka gazetini, chini yake pameandikwa: Mwananchi akishukuru.

Jioni ile Chande hakula. Alikaa kwenye mkeka na begi magotini, kama abiria aliyesahau amepanda gari gani. Bi Sikudhani alikwenda, akarudi, akasogeza sahani, akaiondoa. Mwisho akamwuliza jina alilokuwa amepanga kumpa mtoto. Chande akamtajia. Bi Sikudhani akaenda uani kuanua nguo.

*

Asubuhi ya siku ya arobaini Chande aliamka akakuta suruali yake imekunjwa juu ya begi. Ilikuwa kavu. Ilikuwa imepigwa pasi.

Dada yake alikuwa amesimama kando ya zile picha mbili, pale dirisha lilipokuwa zamani, ameshika mchi wa kinu.

"Nimefikiri," alisema. "Sheria ya picha naijua, tulisomewa msikitini na kanisani. Hairuhusu kusogeza, kugusa, wala kufagia. Dirisha haikulitaja."

Na kweli haikulitaja. Mwandishi wa sheria aliona dirisha lisilokuwapo haliwezi kukatazwa. Bi Sikudhani akaupeleka mchi nyuma, akapiga. Matofali hayo yalikuwa yamejengwa na mkandarasi wa serikali, na saruji iliyoandikwa kwenye tenda ilikuwa imebaki kwenye tenda. Pigo la tatu yakaachia yote kwa pamoja, yakamwagika nchi za nje. Mwanga ukaingia. Picha haikutikisika hata kidogo. Mlezi aliendelea kutabasamu, mmoja juu ya mwingine.

Chande akaingiza kichwa kwenye tundu, kisha mabega, na simu mkononi. Nje, ukutani, kwenye kivuli, palikuwa na kijiwe kizima. Mabenchi mawili. Mama anapika chai. Kinyozi na kiti chake, na mteja ana povu nusu uso. Wachunga mbuzi wawili, kila mmoja na simu. Wote wakamtazama huyu mzee aliyechomoza ukutani.

"Shikamoo," alisema kinyozi. "Wewe ndiye mwenye waifai?"

"Marahaba. Ni ya dada yangu."

"Mshukuru sana. Ila jana jioni imezidi nguvu, mmeifanyaje?"

"Tumeongezewa picha," alisema Chande.

Akaikodolea simu. Kiwiliwili chake kilikuwa nje ya nchi, tumbo lilikuwa juu ya mpaka, na nyayo zake zote mbili zilikuwa sebuleni, juu ya sakafu ya taifa, kama kifungu cha tisa kinavyotaka. Simu haikufikiri sana. Ikalia kengele, ikaandika: Hongera. Umethibitishwa uko nyumbani. Cheti chako kimetoka. Endelea kutulia.

Chande akacheka, akataka kurudi ndani kumwonyesha dada. Akajikuta hawezi kurudi nyuma. Mikono miwili ilikuwa imemshika vifundo vya miguu.

"Kizuizi kimefungwa, Chande," sauti ya Bi Sikudhani ilitoka ndani. "Cheti unacho. Jua linapanda."

"Dada, nyayo."

"Za nani? Wewe si uko nyumbani? Wameshasema wenyewe."

Kisha, kwa kuwa hakuwahi kumwambia ndugu yake neno lolote la kuagana, maana mara zote aliamka akakuta ameshakwenda, alimwambia amwambie Mwajabu kwamba shangazi yake anamsalimu. Na akamsukuma. Kinyozi na mchunga mbuzi wa pili wakavuta upande wao. Fundi Chande akatoka kama mtoto anavyotoka, kichwa mbele, akaanguka juu ya matofali ya serikali. Begi likafuata. Mama Chai akampa kikombe, akakinywa amesimama, tayari ameshaelekea njiani.

*

Alifika saa tano na nusu. Mwajabu alikuwa amekaa mlangoni na mtoto, na alipomwona hakuinuka, alimnyooshea mtoto tu. Wazee wa upande wa baba walikuwa wameshakaa mkao wa kutoa jina, wakasogea. Mtoto aliitwa Sikudhani.

Chande alikaa kwa binti yake siku kumi na nane, ambazo ni nyingi. Kisha nyayo zikamwasha, akaondoka, lakini safari hii aliaga, mchana, watu wakiwapo. Anazunguka nchi zile za ng'ambo, na kila mwisho wa mwezi hupita kijiweni kwa kinyozi, hukaa chini ya dirisha, na huongea na dada yake kutoka nje.

Afande Tegemeo aliulizwa na wakubwa kuhusu mzee aliyekuwa akisumbua kizuizini. Alitazama kwenye mfumo, akajibu kwamba mzee huyo yuko nyumbani ametulia. Alisifiwa kwa umakini. Likizo hakupata.

Operesheni ilifanyika. Kila kaya ilihamia nyumba ya magharibi yake, na kila aliyehamia, simu yake ikamthibitisha yuko nyumba inayofuata. Kamati ilikaa tena na kuagiza wahame tena. Sasa huhama kila mwaka, mwezi wa saba, na vitanda vya Mtaa wa Utulivu havifunguliwi tena misumari, hubebwa vilevile. Bi Pili alitolewa nyumbani kwake ahamie magharibi zaidi, ambako mtaa umekwisha, lakini marehemu hahamishwi, akaachwa. Anaishi na kila kaya inayomfikia kwa zamu.

Bi Sikudhani alihama kama alivyoamriwa, ila jiko lake aliliacha palepale, na huja kila asubuhi kupika kwenye nyumba tupu na kuuza vitumbua dirishani kwa watu wa nje. Kwa kila mahali anapohamishiwa, Mashine humwona yuko kwa Bwana Masumbuko, kwa sababu Bwana Masumbuko naye amehamishwa nyumba moja mbele yake. Masumbuko alikwenda kuomba waozeshwe rasmi. Alijibiwa kwamba serikali haifungishi ndoa watu ambao tayari wanaishi pamoja. Humletea Bi Sikudhani kuni. Maji ya vyombo hamwagiwi siku hizi.

Mheshimiwa Dokta Injinia Ndomondo alipewa wizara. Picha ya tatu imeshaongezwa.

Mtoto Sikudhani ameanza kutembea, na hakai.

Nishani ya Mwananchi Aliyetulia Kuliko Wote ilitolewa mwaka uliofuata, ikaletwa kwa gari hadi nyumba ya mwisho ya Mtaa wa Utulivu, ambamo hamkuwa na mtu, ikatundikwa kwenye msumari chini ya picha. Mpaka leo, kwa mujibu wa kumbukumbu zote za serikali, Fundi Chande yupo nyumbani.